Kuni za Jiko la Watoto

Ngli, ngli, ngli. Giza lilikuwa bado halijapauka, na Merina aliijua sauti ile: bangili ya chuma ya Bibi Gurdev ikigonga ukingo wa beseni la unga. Bibi alikuwa mjane wa fundi seremala Singasinga pale Mkula, na Merina alipanga chumba cha uani kwake.

Jana yake Gosbert, nyapara wa shamba jipya, alimchapa Merina fimbo begani alipookota matawi yaliyoangushwa na mvua za El Nino. Kichaka kile kilikuwa cha kijiji. Kuni zake ndizo zilizopika uji wa chekechea. Sasa mwenye shamba alidai ni chake, na jiko la watoto lilikuwa limepoa. Merina akaviringisha panga la mumewe katika khanga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unakwenda kumchinja nani?"

"Dawa ya moto ni moto, Bibi."

"Moto ninaoujua mimi hulishwa kuni. Kaa."

Akamsimulia huku akikanda. Kwao Punjabi, India, enzi za Mwingereza, mtunza hekalu mmoja alijimilikisha bustani ya hekalu, serikali ikamkingia kifua. Masingasinga waliotaka mahekalu yarudi mikononi mwa waumini wakaingia bustanini humo kukata kuni za jiko la hekalu, jiko linalomlisha yeyote, wa dini yoyote. Askari wakawatwanga kwa virungu. Masingasinga hao walikuwa wameapa kutoinua mkono, wala hawakuuinua. Kesho yake wakaja wengine. Baba yake Bibi alikuwamo.

"Hakuogopa?"

"Alitetemeka mpaka kilemba kikalegea. Mama akamfunga upya, naye baba akaenda."

Merina alilitazama lile panga. Kisha akaliegemeza kwenye kinu, akajifunga khanga kiunoni, akamshika mkono bintiye Eliza, wakapita nyumba kwa nyumba kuwaita akina mama wa chekechea.

Kulipopambazuka akina mama walikuwa kichakani, mikono mitupu. Gosbert akaja mbiombio, fimbo juu. Bega la Merina lilikumbuka kabla yake. Akainama akaokota tawi. Fimbo ikamshukia mgongoni. Akaokota la pili. Nyuma yake mama mwenzake Digna akainama, kisha Sada, kisha wote, kama wanaopalilia mpunga.

Gosbert akainua fimbo tena, akaangaza macho huku na huku, asijue aanze na mgongo upi. Mkono ukabaki hewani.

Eliza akasimama mbele yake na kijiti chake.

"Hiki ni cha kupikia uji," akasema.