Kadi za Mzee Ubeid

Kwa Mzee Ubeid, jirani na Mtaa wa Msimbazi, hununui hata kipande cha kitenge kabla hujaulizwa habari za nyumbani. Na si zile habari za juujuu. Atakuuliza mtoto wa pili aliyekuwa anasumbuliwa na kifua, shemeji aliyehamia Mpanda, nyumba uliyoiacha kwenye lenta. Ameuza vitenge na mashuka ya jumla kwa mtindo huo miaka arobaini na mbili, na ndiyo maana wateja wa mikoani walikuwa wanapita maduka ishirini yenye bei nafuu kuliko yake, wakaenda kushusha mabegi yao kwenye benchi lake.

Kwa hiyo mzee alipoanza kusahau, duka zima liliona. Alimwita mteja wa Babati kwa jina la mteja wa Songea. Akamuuliza mama mmoja habari za mume waliyeachana naye. Wateja wakacheka kwa adabu, wakanunua, na safari iliyofuata wengine hawakuonekana. Binti yake Shahd, aliyekuwa akiendesha duka pamoja naye, alianza kumwomba baba apumzike nyumbani. Mzee akagoma. Alisema akikaa nyumbani atakwisha, na kila aliyemsikia alijua hatanii.

Aliyekuja na ufumbuzi ni Severa, binti wa Kimachame aliyekulia Ilala, fundi wa kompyuta aliyekuwa anahudumia maduka kumi na moja pale Kariakoo. Alipendekeza kila mteja awe na kadi yake kwenye kompyuta. Mteja akiingia, Shahd anaandika jina, na kadi inatokea kwenye kioo kilichowekwa karibu na kiwiko cha mzee. Shahd alisema ni vizuri, ila na yeye ataandika kwenye daftari, endapo kompyuta itaharibika. Severa akamcheka. "Dada Shahd, enzi za daftari zimepita," alimwambia, na Shahd akaliacha daftari. Neno hilo lilikuja kumrudia usiku na mchana.

Kwa miezi mitatu, kila siku baada ya swala ya alasiri, Severa alikaa na mzee kwenye benchi, kahawa na kashata katikati yao, mzee anasema na yeye anaandika. Kadi ilikuwa na mistari mitatu, na mpango huo aliutunga mzee mwenyewe. Wa kwanza jina na mji. Wa pili watu wa nyumbani. Wa tatu ulikuwa wa neno la kutomuuliza. Severa alishangaa, na mzee akamweleza kwamba kila mtu ana neno asilotaka kuulizwa, na kwamba mfanyabiashara asiyelijua neno hilo hajamjua mteja wake.

"Mrisho wa Nachingwea," mzee alisema siku moja. "Watoto wanne. La kutomuuliza, mkewe. Alifariki mwaka juzi. Hakutaka pole hata moja, alitaka mashuka tu. Andika."

Kadi zikafika mia nne na kumi na mbili. Zile za mwisho zilitoka kwa tabu, mzee akifumba macho na kutafuta kama anayetafuta ufunguo mfukoni. Siku waliyomaliza alishika kichwa akasema sasa kinaweza kwenda kinakotaka.

Hapa pana jambo la kazi. Programu za siku hizi hukaa kwenye kontena. Si lile la bandarini. Hili ni boksi lisiloonekana, ndani ya kompyuta, ambamo programu inakaa na vikorokoro vyake vyote. Toleo jipya likitoka, boksi halikarabatiwi. Linazimwa, linatupwa, linawashwa jipya mahali pake. Kwa hiyo chochote unachotaka kibaki lazima ukiweke nje ya boksi, kwenye diski ya kompyuta yenyewe. Severa alilijua hilo kama anavyoijua Baba Yetu. Lakini siku ya kwanza mzee alikuwa ameshakaa kwenye benchi, anataka kusema, na kuziweka kadi ndani ya boksi ilikuwa kazi ya dakika mbili. Akajiambia atazitoa nje wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miezi mitatu.

Wakati huohuo alikuwa amechoka kuzunguka maduka kumi na moja kubadilisha maboksi kwa mkono. Jumatano moja, sahani ya ubwabwa ikiwa pembeni ya kompyuta, akafunga programu nyingine ya kumsaidia, ambayo yeye aliiita mlinzi. Kazi ya mlinzi ni kuchungulia mtandaoni kama kuna toleo jipya, na likiwepo, kulitupa boksi la zamani na kuwasha jipya bila kumsumbua mtu. Unampangia mambo matatu tu. Saa ya kuchungulia: Severa akaweka kumi na moja alfajiri, maduka yangali yamefungwa. Maboksi ya zamani yafutwe au yabaki: akaweka yafutwe, diski isijae. Alinde maboksi yote, au yale tu yaliyotiwa alama: akaweka yote. La mzee alilikumbuka kabisa, tusimsingizie. Ila programu ya kadi aliitengeneza mwenyewe; toleo jipya haliwezi kutoka bila yeye kulitoa. Akaona haina neno, akamalizia ubwabwa wake.

Wiki iliyofuata, Alhamisi, mzee akalalamika kwamba herufi za kadi ni ndogo. Severa alimpenda yule mzee. Hakumwambia asubiri. Alikwenda kukaa kwenye kompyuta yake, akazikuza herufi mpaka zikawa za kusomeka kutoka mlangoni, akalituma toleo jipya mtandaoni, na akarudi kwake amefurahi kweli.

Asubuhi ya Ijumaa alipita dukani makusudi, apewe asante. Shahd akaandika jina la mteja wa kwanza. Kioo kikajibu kwa herufi kubwa, nzuri, zisizoumiza macho ya mzee yeyote: HAKUNA KADI. Akaandika jina la pili, na la tatu. Severa alijua kabla ya la tatu. Akakaa juu ya robota la mashuka.

Alihangaika siku nzima. Alitafuta kwenye diski, akampelekea fundi mwenzake anayejulikana kwa kufufua vitu vilivyofutwa, na mwenzake akatikisa kichwa. Alfajiri ile mlinzi alikuwa ameliona toleo jipya, akalifuta boksi la zamani pamoja na kadi zilizokuwemo, kama alivyopangiwa, bila kosa hata moja. Kosa lote lilikuwa la aliyempangia.

Jioni alimpigia mzee magoti palepale kwenye benchi, akamwambia. Mzee akakizungusha kikombe chake mara kadhaa.

"Mimi mwenyewe nafuta kila siku, binti," alisema mwishoni. "Nitakulaumu vipi wewe? Nimekusamehe. Jumatatu tunaanza upya."

Severa alilia njia nzima, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyetua mzigo. Kabla ya kulala alizitengea kadi zitakazokuja mahali nje ya boksi, na boksi lenyewe akalitia alama ili mlinzi asiliguse tena. Ilimchukua dakika nne. Alizihesabu, na kila moja ilimchoma.

Jumatatu mzee alimpokea kwa tabasamu. Severa akamwamkia, mzee akaitika marahaba, akamimina kahawa. Kisha akamuuliza kadi zimefika ngapi sasa.

Mzee hakukumbuka kwamba zimefutika. Severa akamwambia tena, kwa maneno yaleyale, na safari hii mzee alikiachia kikombe, kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Akasamehe tena. Wakaanza tena. Katika wiki mbili walipata kadi sitini na tatu, nazo nyingine hazikuwa na uhakika. Mtoto wa mteja wa Tabora alihamia kwa mteja wa Njombe, na mstari wa tatu aghalabu ulibaki mtupu. Mengine yote yalikuwa yamekwenda, na hapakuwa na mahali popote duniani pa kuyatafuta.

Kisha akaja Mrisho wa Nachingwea.

Aliingia na begi lake, kofia mkononi. Shahd aliandika jina, na kadi haikuwepo. Alinyanyua mkono kumzuia baba yake, akachelewa.

"Mrisho bwana!" mzee aliita, amefurahi kwamba jina limemjia lenyewe. "Mkeo hajambo?"

Severa alikuwa nyuma ya kaunta anatengeneza printa. Aliona uso wa Mrisho ukikunjamana, kisha ukikunjuka taratibu. Mrisho akamtazama Shahd, akamtazama mzee, akaelewa.

"Hajambo, mzee," akasema. "Anakusalimia sana."

Akanunua mashuka yake, akafunga mzigo, akatoka bila kugeuka. Mzee alibaki anang'aa. Severa akaiacha printa, akaelekea kwenye benchi, machozi yanamlengalenga. Shahd akamshika mkono nyuma ya mabunda ya vitenge.

"Unakwenda kumwambia tena?"

Severa akajibu kwamba hawezi kukaa nalo. Lazima mzee ajue.

"Ulishamwambia mara mbili," Shahd alisema polepole, bila hasira, na afadhali ingekuwa hasira. "Kila ukimwambia, wewe unakwenda kwako umepumua. Yeye ndiyo kwanza anapata msiba. Usimfanyie hivyo mara ya tatu. Kaa nalo."

Severa aliona aibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Msamaha alioupata mara mbili haukuwa na shahidi tena. Aliyeutoa hakujua aliutoa, na kuuomba upya ilikuwa kumuumiza upya.

Alipanguza uso, akaenda kukaa kwenye benchi mahali pake pa siku zote. Mzee akamsogezea kashata.

"Kadi zetu zipo salama?" aliuliza.

"Zipo, mzee."

"Alhamdulillahi. Basi nimetulia." Akamtazama kwa makini, amekunja paji la uso. "Nisamehe, binti. Najua wewe ndiye uliyeniwekea kila kitu. Jina ndilo limenitoka. Na wewe niandikie kadi yako, nisikuaibishe."

Severa akafungua kompyuta. Mzee alikaa vizuri, akafumba macho kama zamani, akawa anauliza mstari baada ya mstari. Severa, Machame, sasa Ilala. Mama yuko hai, ndugu wawili, mume hana bado.

"La kutomuuliza?"

Vidole vya Severa vilisimama juu ya herufi. Mzee alisubiri bila haraka, kama mtu anayejua kwamba mstari huo huwa mgumu kwa kila mtu.

Akaandika neno moja: kadi.