Kidole Chini ya Droo

Kwa miaka arobaini Léontine Garrigue aliinama chini ya meza za watu. Mtaa mzima wa Saint-Antoine ulimjua: bibi wa miaka sabini na miwili, magoti mabovu, akiingia kila duka la samani za kale pale Paris na kuomba kuchomoa droo. Wengine walimwona kachanganyikiwa. Aliwaacha, macho hayana pazia.

Siku hiyo alimkuta fundi Thibaud karakanani, amepindua meza ya kuandikia yenye miguu ya kupinda, msasa mkononi, gundi ikichemka pembeni.

"Umekuja tena, bibi? Leo unakagua au unanunua?"

"Nyamaza wewe. Lete hiyo droo."

"Ngoja kwanza niisugue. Kuna mjinga kaacha alama ya kidole kwenye gundi, huku chini. Na mwenye meza anaifuata jioni."

Léontine alivaa miwani. Alama ilikuwa ya kidole cha mtoto, kovu limeipasua katikati. Akatazama kidole chake cha shahada. Kovu lile lile. Akaketi bila kukaribishwa.

"Mjinga mwenyewe ni mimi," alisema. "Nilikuwa na miaka sita."

Baba yake, Anselme, alikuwa fundi wa kuajiriwa. Jina lililogongwa kwenye mbao lilikuwa la tajiri mwenye karakana, ingawa tajiri hakushika randa. Siku Léontine alipotia kidole kwenye gundi mbichi, alingoja kofi. Baba akacheka mpaka akakohoa.

"Acha ikauke hivyo hivyo," alisema. "Huo ndio muhuri wetu."

Mwaka uliofuata alikwenda vitani, hakurudi. Hakuacha hata picha. Léontine alimkumbuka kwa kicheko kile tu, na kwa harufu ya nta na vumbi la mbao, na sasa alilia bila kujificha.

Thibaud aliutupa msasa pipani. "Lakini meza si yangu, bibi. Jioni inaondoka."

"Najua. Nilitaka kuiona tu, basi."

Fundi akakoroga gundi, akapaka kidogo kando ya alama ile.

"Haya, weka."

"Mwenyewe je?"

"Yule? Tangu azaliwe hajainama chini ya meza. Weka, gundi inapoa!"

Kidole chake sasa kilikuwa kimepinda kwa baridi yabisi. Alikibonyeza kando ya kile kidogo, kisha akainua macho, akingoja kicheko.