Nyongo ya Mjukuu Wangu

Nimefuga ng'ombe tangu nikiwa msichana, na kosa langu lilianzia hapo hapo. Mjukuu wangu Queen (jina la redioni hilo, mimi nilitaka Milembe) alizaliwa mnono hapa Kasansa, na kila asubuhi nilimwanika juani ili manjano ya machoni yaishe. Hayakuisha. Kinyesi chake kilikuwa cheupe kama unga uliolowa, nami kwa maringo nikampongeza mkwe wangu Scola: ndama aliyeshiba maziwa hunya hivyo hivyo.

"Mayu, mbona watoto wa wenzangu wanatoa cha njano?" aliniuliza tukiwa kisimani (mayu kwetu ni mama).

"Wenzako maziwa yao maji matupu," nikamjibu, na wanawake wote wakacheka.

Wiki ya sita Scola alimpeleka chanjo, nami nikafuata. Muuguzi Bernadetha alifungua nepi, akaweka sindano chini, akasema twende Mpanda siku hiyo hiyo. Nilimfokea. Nilimwambia hajawahi kulea hata mbuzi. Yeye akaandika rufaa bila kuniangalia.

Mpanda wakatutuma hospitali kubwa, safari ya siku mbili. Huko Daktari Respicius alipitisha mashine juu ya tumbo la Queen, akatuonyesha kwenye kioo. Njia za nyongo zilikuwa zimeziba, kwa hiyo nyongo ilikwama ndani ya ini na kuliunguza. Mshipa wa damu unaoingia kwenye ini ulikuwa umenenepa, na vishipa vidogo vimetambaa mpaka juu ya ini, mahali ambapo kwa kawaida havionekani.

"Hivi vinatuambia ini limeanza kuwa gumu," alisema. "Lakini limeanza tu. Tukiunga utumbo kwenye ini mapema, nyongo inaweza kupata njia. Hata ikipata, tutamfuatilia miaka mingi. Ana siku ngapi?"

"Arobaini na sita," Scola alijibu.

"Tungempata wiki tatu zilizopita, ingekuwa bora zaidi."

Nilitamani ardhi inimeze. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nasifia maziwa! Pale pale, mbele ya daktari, nikamwambia Scola, "Mimi ndiye niliyekuchelewesha. Nisamehe, mwanangu." Yeye aliendelea kumvalisha mtoto.

Queen alipasuliwa siku mbili baadaye. Daktari alituambia tuangalie nepi tu, kwa sababu nyongo ikishuka, rangi itabadilika. Siku ya kwanza hakikutoka kitu. Siku ya tatu, cheupe. Siku ya tano, cheupe bado. Scola alikuwa akibadilisha nepi mwenyewe, akinigeuzia mgongo, na mimi sikuthubutu kusogea. Nilistahili.

Siku ya sita, asubuhi, mtoto alijisaidia. Scola alishika ile nepi akashindwa kuifungua.

"Angalia wewe, mayu. Mimi naogopa."

Nikafungua. Kijani! Kijani kilichokolea kama mlenda. Nikakaa kitandani kwa mgonjwa wa jirani.

"Kimebadilika," nikasema.

Scola alikuwa amejifunika uso kwa kanga. "Mayu, sema kweli. Usinifurahishe tena."

Niliushika mkono wake, nikaishusha ile kanga, nikamwekea nepi mbele ya macho aone mwenyewe.