Mabuu wa Zizini kwa Anneth

Mwalimu Evaresta alikuwa amefundisha sayansi miaka mingi pale Kikatiti, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyemjibu "nadhani" akapona. "Hapa hakuna kudhani," alizoea kusema, chaki ikigonga ubao. "Chunguza kwanza, ndipo useme." Lakini mwalimu naye ni mtu, na mtu akishaona kabichi zake zimelala chini, somo lote humtoka kichwani.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimeachiwa huru, kila mwenye mshahara ana mradi pembeni. Mumewe, Ludovick, alikuwa ameacha ukarani akawa dalali wa mawe ya vito mjini Arusha, lenzi ndogo mfukoni na maneno mengi mdomoni. Evaresta alipanda kabichi nyuma ya nyumba. Samadi alipewa bure na jirani yake Anneth, mama Lydia, mfuga ng'ombe wa maziwa. Wote wawili kwao Machame, wote kwaya moja, na urafiki wao ulikuwa wa chanda na pete.

Samadi ikaingia shambani, miche ikapandwa, na haikupita muda miche ikaanza kuanguka. Kila asubuhi Evaresta alikuta mingine imekatwa shingoni kama kwa wembe. Akachimbua, akawakuta mabuu weusi, wembamba, wenye meno ya kutisha, wakitimua mbio kama wachuuzi walioona mgambo. Palikuwa na wadudu wengine pia, wanene, wa kijivu, wamejikunja kimya kama watoto waliolala. Hao hakuwajali. Kati ya mwenye meno na mwenye usingizi, mwizi ni nani? Hata wewe ungemshika mwenye meno.

Jumapili baada ya ibada, akina mama wa kwaya wakiwa bado uani, alimsimamisha Anneth na kumwambia kwa sauti ya darasani, "Mama Lydia, samadi yako imeniletea balaa! Wadudu wametoka zizini kwako, wananimalizia kabichi. Kama hukutaka nilime, si ungesema tu?"

Anneth alikaza kitenge chake kiunoni akaondoka zake. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa Evaresta, na wakikutana njiani salamu yake ilikuwa ya kope tu. Evaresta akajifanya hajali. Uongo mtupu! Alijali mpaka chai ikakosa ladha. Akipata jambo la kuchekesha hakuwa na wa kumsimulia, maana Ludovick alikuwa na tabia ya kucheka kabla jambo halijafika mwisho.

Ni Ludovick aliyejitolea kwenda mjini kutafuta dawa. Maduka ya pembejeo yalikuwa yamechipuka kila kona, na kila chupa ilijisifu kuliko mwenzake.

"Nipe mfano wa huyo mdudu, Mwalimu," alisema. "Nisije nikauziwa dawa ya kunguni."

Evaresta akakusanya kwenye kopo wadudu kadhaa wa aina zote mbili. Ludovick, kwa mazoea ya kazi, akamweka mmoja mweusi kwenye sahani nyeupe, akabana lenzi jichoni.

"Lo! Jiwe safi hili. Angalia lilivyochongwa."

"Acha utani wako, lete hapa."

Evaresta akainama, na kwa mara ya kwanza akamtazama yule mdudu kwa haki. Mgongo ulikuwa na magamba magumu yanayong'aa. Miguu ilikuwa sita, yote kifuani, kila mmoja na kucha mbili nchani. Tumboni hapakuwa na mguu hata wa kusingizia. Nyuma kulikuwa na vijimkia viwili vimetengana. Kichwa kilielekea mbele, na taya zake zilipinda kama mundu mpaka zikapishana.

Akamgeukia yule mnene. Ngozi laini, kichwa kimeinama chini, na nyuma ya ile miguu sita ya kweli kulikuwa na vijiguu vingine vya nyama tumboni, vya kung'ang'ania shina. Alipoguswa tu akajikunja, mpole kama malaika. Taya zake zilikuwa fupi, nene, za kutafuna.

"Baba Blessing," Evaresta akamwambia mumewe polepole, "mundu unaopishana hautafuni jani. Ule ni wa kutoboa nyama."

Wakawaweka wote wawili kwenye sahani. Yule mweusi alizunguka kidogo, akamfikia malaika, akamdaka shingoni. Ludovick akapiga makofi. Evaresta akaketi chini, mikono kichwani. Mnene alikuwa sota, mkata miche. Mweusi alikuwa mtoto wa mbawakawa, yule anayewinda ardhini. Mambo hayo alikuwa ameyachora ubaoni kila mwaka kwa mkono wake mwenyewe! Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Hapo akachuma jani la isale kwenye mpaka wa shamba. Uchagani, mkosaji akikuletea isale kwa mikono yake kuomba radhi, hulikatai hata kama moyo unachemka. Akachukua kopo lenye wadudu wake, akaenda kwa Anneth.

Anneth alikuwa zizini. Evaresta akamnyooshea jani kwa mikono miwili. "Mama Lydia, nimekukosea. Nilikusema mbele za watu bila kuchunguza. Mdudu niliyemlaumu hali kabichi. Anawala wanaokula kabichi."

"Nionyeshe."

Evaresta akamwonyesha kwa kijiti, taya, miguu, mikia, kimoja baada ya kingine. Anneth akatazama bila haraka.

"Kwa hiyo huyu mweusi ni askari wako. Kabla ya samadi yangu ulikuwa naye?"

"Hapana. Wale sota walikuwepo tangu zamani, lakini huyu hakuwepo."

"Katoka wapi?"

Evaresta akatazama lundo la samadi. Buu mmoja mweusi alikatiza juu yake, mbio, kama aliyeitwa.

"Katoka zizini kwako," akasema.

"Si ndivyo ulivyosema Jumapili?"

"Ndivyo."

"Basi hukunisingizia, Mwalimu. Ulisema kweli tupu." Anneth akalipokea isale, kwa kuwa isale halikataliwi. "Samahani yako nimeichukua. Sasa nangoja ile nyingine."

"Ipi?"

"Mtu akikuletea askari bure, unamwambiaje?"

Evaresta akafungua mdomo. Samahani alikuwa ameibeba njia nzima bila kuchoka, lakini hili neno jingine lilimlemea, na machozi yakamlengalenga.

"Ahsante," akanong'ona.

"Sijasikia. Tumia ile sauti ya uani kanisani."

Evaresta akavuta pumzi, akaisema kwa sauti hiyo, akilia na kucheka kwa pamoja, mpaka waliokuwa wakipita barabarani wakasimama kusikiliza.