Sauti Kati ya Magodoro

Queen alikuwa amesimama katikati ya magodoro ya Pyarali, macho ameyafumba, hedifoni masikioni, na ndani ya hedifoni zile alikuwa akinisikiliza mimi. Simsemi Ritha aliyekuwa amekaa kwenye kigoda hatua nne kutoka pale, amekunja uso. Namsema Ritha wa miaka miwili iliyopita, mwenye sauti. Queen akafungua mdomo, wimbo wangu ukatoka. Nilijiona kama mtu aliyeingia jikoni kwake akamkuta mgeni amejifunga kanga yake, anakoroga chungu chake.

Nilikuwa nimekuja kumtoa. Niseme ukweli mapema, maana siwapendi watu wanaojisafisha wanaposimulia habari zao. Sikuomba ruhusa shuleni na kutoka Pongwe na jua lile ili nimtakie mtu heri. Nilikuja kumwambia Godlisten kwamba albamu itoke na sauti yangu, na huyu binti wa Muheza, pamoja na urembo wake na adabu yake ya kukunja goti akisema shikamoo, asubiri ya kwake.

Godlisten mwenyewe ndiye aliyenipa rungu. Yeye ni fundi umeme, tena ndiye mpiga gitaa na kiongozi wa bendi yetu. Jumatatu alikuja nyumbani, akanywa chai kikombe kizima kabla ya kutamka neno.

"Ritha, nyimbo zote tisa ninazo kwa sauti yako," alisema. "Nane ninazo kwa sauti ya Queen pia. Umebaki mmoja, 'Nitabisha Hodi', tunaurekodi Ijumaa. Wewe ndiye uliyezitunga. Njoo usikilize, kisha useme albamu itoke na sauti ya nani. Wenzangu wameafiki lolote utakalosema."

"Na yeye Queen?"

"Hajui kama nimekuja kwako."

"Mmemficha?"

"Tumekuheshimu wewe," alisema, akaangalia chini.

Bendi yetu inaitwa Yeriko. Jina tulipewa kwa kejeli. Mzee mmoja wa kanisa, aliposikia gitaa la umeme likikwaruza kwa mara ya kwanza usharikani kwetu, alisema vijana hawa wataziangusha kuta kama zile za Yeriko. Tukalichukua jina, tukalipaka kwenye ngoma kubwa kwa rangi nyekundu. Kwa miaka kumi na mmoja tulipiga roki ya Injili kwenye harusi, sikukuu za mavuno na mikutano ya vijana, kuanzia Tongoni mpaka milimani Lushoto, na miaka yote hiyo mwimbaji mkuu nilikuwa mimi. Albamu hatukuwahi kutoa hata moja. Kila mwaka tulisema mwakani. Ukinitafuta leo utanipata kwenye simu za watu, vipande vya dakika moja moja, vimejaa makofi na watoto wanaolia.

Kisha shingo ikaanza kuvimba. Kwa kina mama yangu, Usambaani, rovu si jambo la ajabu. Nilifunga kitambaa nikaendelea kuimba. Daktari alipoona limeanza kubana njia ya hewa alisema lazima litolewe, na hakunificha kwamba mishipa ya sauti iko jirani mno na mahali atakapopitisha kisu. Ndipo Godlisten alipokurupuka. Alimwendea Kulsumbai, mama mwenye duka la magodoro la Pyarali pale Ngamiani, akaomba ghala. Magodoro humeza mwangwi, na Ijumaa mchana, adhana ikishaisha, duka huwa limefungwa, mwanawe Asif na wafanyakazi wako msikitini, na mtaa mzima hunyamaza kwa muda wa saa moja hivi. Mji huu hauna saa nyingine tulivu kama ile. Kwa Ijumaa mbili, nimeketi juu ya magodoro kwa sababu kusimama kulinishinda, niliimba nyimbo zote tisa. Zilikuwa za kuongozea tu, ili nikipona nizirudie vizuri.

Nilipona. Siku nilipozinduka niliomba maji, na muuguzi akainama akasema, "Unasemaje, mama?" Tangu siku ile kila mtu huniuliza hivyo. Darasani nafundisha kwa chaki na kengele. Nikiwa naosha vyombo wimbo hunijia, hupanda hadi kooni, hugota pale, na kinachotoka ni mkwaruzo. Naitamani sauti yangu. Naitamani kuliko vitu vingine ambavyo mwanamke mzima wa miaka thelathini na minane huona haya kuvitaja. Kwa hiyo mkinilaumu kwamba nilikwenda Ngamiani na roho mbaya, laumuni, lakini mjue nilikwenda kudai kitu kimoja tu kilichokuwa kimebaki cha kwangu.

Sasa Queen alikuwa ameufikia mstari ambao watu wote wanaujua.

"Nitabisha hodi mpaka," aliimba, kisha akakatika, akavuta pumzi kwa nguvu ikasikika, "malango yafunguke, Bwana, na harufu ya nyumbani inipokee."

Godlisten, aliyekuwa ameinamia kompyuta kwenye meza ya kona, aligeuka akaninyanyulia kidole gumba. Wimbo ulipokwisha akaninong'oneza, uso umemwiva kwa furaha.

"Umesikia pale? Amekatika vilevile kama wewe! Nimemfundisha wiki mbili nzima. Mwanzoni alikuwa anapitiliza tu."

Pale ndipo palipotupatia umaarufu. Mara ya mwisho tulipopiga Muheza, kwenye tamasha la vijana, nilikatika pale, na umati ukainuka. Akina mama walilia. Mhubiri alipanda jukwaani akasema Roho amemshika dada huyu koo. Tangu siku hiyo, kila nilipoukaribia mstari ule, watu walinyamaza wakasubiri.

Mlango wa ndani ulifunguliwa, Kulsumbai akaingia na sinia la chai ya tangawizi, funguo za ghala zikilia kiunoni. Nilisimama nikamwamkia.

"Shikamoo, Mama Asif."

"Marahaba, Ritha. Kaa, kaa." Aliweka sinia juu ya magodoro, akamtazama Queen kwa huruma, kisha akaniinamia. "Masikini. Na huyu naye ana rovu?"

"Nani?"

"Huyu mtoto. Nilikuwa nasikiliza kule jikoni. Anakata pumzi kama ulivyokuwa ukikata wewe zile Ijumaa zako. Mimi nilimwambia Asif, huyu Ritha anaimba kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji, mbona hawampeleki hospitali?"

"Hana rovu, mama. Mzima kabisa."

"Mzima?" Kulsumbai alitikisa kichwa. "Sasa anahema nini?"

Jibu nilikuwa nalo, na lilinitia aibu. Mstari ule niliutunga nikiwa na mapafu yangu kamili, natembea kwa miguu kutoka shuleni, shingo haijavimba. Nilitaka mtu abishe, abishe, abishe, pasipo kupumzika, mpaka afunguliwe. Ulikuwa mstari wa pumzi moja. Siku ya Muheza sikushikwa na Roho. Hewa iliniisha. Niliona giza, nikaikamata stendi ya maiki nisianguke. Na watu waliposhangilia, nilikaa kimya. Tamasha lililofuata nilikatika tena, nusu kwa ugonjwa na nusu kwa kupenda sifa. Sasa msichana wa miaka ishirini na mmoja, shingo nyororo isiyo hata na alama, alikuwa amekaa wiki mbili akijifunza kuumwa. Tena alikuwa amefuzu.

"Turudie mara moja, Queen," Godlisten alisema. "Bado dakika ishirini Asif arudi."

"Ngoja," nilisema. Hakuna aliyesikia. Nikaipiga meza kwa kiganja.

Queen akavua hedifoni. "Nimekosea, dada Ritha?"

"Umepatia kila kitu. Ndiyo maana nakuuliza. Pale kati, kabla ya malango, kwa nini unapumua?"

Akamtazama Godlisten kwanza. "Kaka amesema ndipo Roho anaposhuka."

"Wewe mwenyewe, ukinisikiliza humo masikioni, unasikia nini?"

Alisita. Alizungushazungusha waya wa hedifoni kwenye kidole.

"Nasikia kama unaumia, dada. Nikifanya mazoezi nyumbani kifua kinanibana mpaka mama ananiuliza nina nini. Lakini niliona nisiseme. Wimbo ni wako."

Wallahi, maneno yale yalinichoma, na mimi ni Mlutheri.

"Nilikuwa sina hewa, Queen," nilisema. "Rovu lilikuwa linanikaba. Hapakuwa na kingine."

"Ritha!" Godlisten aliruka. "Na Muheza?"

"Na Muheza."

"Watu waliokoka Muheza!"

"Basi wameokoka, Mungu anajua mwenyewe alivyowapata. Lakini mimi nilikuwa nakufa, Godlisten, na wewe ulikuwa umesimama pembeni yangu unapiga gitaa."

Alikaa juu ya godoro kama mtu aliyekatwa miguu. Hakuwa na kosa, masikini. Nilimficha kama nilivyowaficha wote. Kulsumbai alimimina chai, akamtia mkononi bila kumuuliza. Kisha Godlisten akainua uso, na nadhani alisahau kwamba Queen yupo.

"Basi lile ulilokuja kusema, liseme. Itoke ya nani?"

Queen alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akaelewa. Niliona alivyoelewa.

Niliitaka albamu ile. Nilizitaka nyimbo zangu tisa zitoke hivyohivyo, na pumzi zangu zote mbovu ndani yake. Hata dakika ile, nikijua ninachokijua, nilizitaka. Miaka kumi na mmoja, jamani, na kisibaki kitu cha kushika mkononi? Nani angenihukumu? Neno moja tu, na kila redio ya Tanga ingekuwa na mimi, mimi mzima, na pale nikatikapo watu wangelia tena. Nikamgeukia Queen nimwambie. Alikuwa ameweka vidole shingoni mwake, anapapasa taratibu, kulia, kushoto, kama anatafuta kitu.

"Nitoe mimi humo masikioni mwake," nilimwambia Godlisten. "Mwachie gitaa na ngoma tu."

"Kwa wimbo huu tu?"

"Kwa zote. Zile nane nazo atazirudia. Albamu ni yake."

Sauti ilinikimbia kwenye neno la mwisho.

"Unasemaje?" akauliza Godlisten.

Ikabidi niseme mara ya pili. Mara ya kwanza nilisema kwa ushujaa. Ya pili ilitaka kunitoa machozi.

"Albamu ni yake. Queen."

Hakushukuru, na nilimpenda kwa hilo. Alikuwa na hofu ya kweli. "Dada, sitaweza. Miezi yote hii nimekuwa nakufuata wewe. Sasa nimfuate nani?"

Nilivuta kigoda mpaka mbele yake, karibu magoti yangu yaguse sketi yake. "Nitazame mdomo," nilimwambia.

Muziki ukaanza kwenye hedifoni zake. Mimi sikuusikia, lakini mguu wake ulipoanza kugonga sakafu nilijua tulipo. Nikafungua mdomo. Niliimba kama nilivyokuwa nikiimba zamani, kwa uso, kwa mabega, kwa tumbo, bila kutoa hata mnong'ono. Queen alinikodolea macho, akanifuata. Ubeti wa kwanza sauti ilimtetemeka. Haikuwa yangu, wala haikuwa nzuri kama yangu, nisidanganye. Ubeti wa pili ikatulia. Tukaufikia mstari. Nilijaza kifua, nikaachia, na yeye akapita pale bila kusimama, malango, Bwana, harufu ya nyumbani, akafika mwisho na pumzi bado anayo. Hivyo ndivyo nilivyousikia kichwani siku nilipoutunga, na sikuwahi kuusikia kwa masikio mpaka dakika ile. Iliniuma. Nilifurahi pia, lakini kwanza iliniuma.

Wimbo ukaisha. Nje pikipiki ya kwanza ilipita, watu wakaanza kusikika wakirudi kutoka msikitini. Kwenye kioo cha kompyuta sauti ilikuwa imejichora, mstari mmoja wa kijani unaopanda na kushuka tangu mwanzo hadi mwisho, na Godlisten alikuwa akiutazama, mkono mdomoni.

"Imekaa," alisema hatimaye. "Hiihii. Na muda wenyewe umekwisha."

Queen alikuwa bado ananitazama mdomo. "Dada? Kuna kosa?"

"Hakuna kosa," nilisema, sikuinuka kwenye kigoda. "Turudie."