Mlango wa Kuwekea Jeki

Mtu asikudanganye kwamba kuendesha gari la picha ni kazi ya kifahari. Mimi Laurian nimeliendesha miaka tisa, na nimechoka. Ni lori lenye nyumba mgongoni: mbele kuna chumba chenye vitanda viwili vya kukunja na jiko la mafuta ya taa, nyuma kuna mashine ya kupiga picha za kifua. Watoto wakiliona hupiga kelele, "Nyumba inatembea!" Mimi nikiliona asubuhi nasema, Mungu wangu, bado lipo.

Taabu ya nyumba inayotembea ni kuisimamisha. Ile mashine haitaki kuinama. Ikiinama kidogo tu, kichwa chake kinateleza kwenye reli na picha inatoka ukungu mtupu. Kwa hiyo kila kituo nazungusha jeki nne, moja kila pembe ya gari, mpaka kitone cha hewa kwenye pimamaji kikae katikati. Na jeki haisimami juu ya udongo hivi hivi. Lazima uiwekee kibao chini, kipana na kigumu, la sivyo inazama wewe ukiiangalia.

Vibao vyangu vya chuma vilimezwa na tope la Iguguno mwezi wa pili. Tulichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, tukaviacha. Niliandika barua kuomba vingine. Nikajibiwa kwamba barua imefika.

Basi Machi ile ya sabini na nne, mwaka wa watu kuhamia vijijini, tukafika kwenye kijiji kipya kusini ya Ikungi. Nyumba za nyasi zimepangwa kwa mistari kama wanafunzi gwaride, na zote ziko juu ya mbuga nyeusi, ule udongo unaomeza miguu mvua ikinyesha. Nani aliichagua mbuga ile sijui, wala simtafuti. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilizungusha jeki ya kwanza, ikazama mpaka shingoni.

Watu walikuwa wameshapanga foleni tangu alfajiri. Wa kwanza alikuwa mama mmoja, Theodora, ameketi kwenye kiti cha baiskeli, mumewe Mzee Alute ameishika usukani. Mama yule alikuwa mwembamba, kitenge kimemzunguka mara mbili. Akikohoa anaficha leso kiganjani, lakini damu niliiona.

Mwenzangu Kefa, mpiga picha, naye aliiona. Ni mtu mpole Kefa, ila kichwa chake kigumu. Akanivuta nyuma ya gari.

"Bwana Laurian, huyu mama apigwe picha leo. Wodi ya kifua kule hospitalini imebaki na kitanda kimoja, na anakipata mwenye picha mkononi. Kesho tuko Kiomboi. Huku tunarudi mwakani."

"Mwakani hatutamkuta mtu," nikasema.

"Ndiyo maana nakwambia. Nisimamishie gari."

Nisimamishie gari! Rahisi kusema. Nikamwendea mwenyekiti wa kijiji, Paskali, nikamwambia nataka vitu vinne vya kuweka chini ya jeki. Akaleta mbao laini za paa la ofisi; jeki ikazitoboa. Akaleta kipande cha tairi la trekta. Kikabonyea, gari likayumba. Akina mama wawili, Mungu awabariki, wakaniletea jiwe la kusagia. Nikawaambia jiwe halipindi, jiwe linapasuka. Hawakusadiki. Tukaliweka, likapasuka pande mbili, na mwenye jiwe akaniangalia kwa namna ambayo sitaki kuangaliwa tena. Jiwe lile alipewa na mama yake.

Nikasema basi, nimechoka kuomba. Serikali imewaomba wahame, wamehama. Imewaomba walime shamba la kijiji, wanalima. Sasa nami nakuja na mkono wangu. Nikaanza kuzunguka mwenyewe nyuma ya nyumba, nikitafuta gogo, mzinga mkavu, chochote.

Ndipo nikauona mlango. Umeegemezwa kwenye kibanda cha nyasi ambacho chenyewe hakina mlango, kimewekewa gunia tu. Mlango wa tembe, wa kale, umechongwa kwa gogo moja la mninga. Unene kama upana wa kiganja, hakuna ufa, hakuna mchwa. Nilipougonga kwa kifundo cha kidole ukanijibu vizuri. Nikaulaza chini, nikachukua kamba nikaanza kupima: ukikatwa mara tatu kwa upana unatoa vibao vinne, na kila kimoja kinabeba lori mpaka mwisho wa dunia.

Nilikuwa bado nimeinama na kamba yangu wakati wanawake waliotoka shamba la kijiji walipopita njia ya nyuma. Wa mbele akasimama. Akautazama mlango, akakitazama kibanda, jembe likamdondoka. Akapiga yowe.

"Uwii! Theodora! Theodora ametuacha!"

Wenzake wote wakapokea. Wengine wakaketi chini palepale topeni, wengine mikono kichwani. Mimi nimeduwaa na kamba yangu. Mtu wa Iramba mimi, kwetu mlango ni mlango.

Mzee Alute akaja mbio, na umri wake ule. Akanisukuma kifuani.

"Umefanya nini, wewe dereva? Umefanya nini?"

"Shikamoo mzee, nilikuwa napima tu..."

"Usiniamkie! Katika ukoo wetu mlango haulazwi. Unasimama miaka yote. Ukilazwa ni kwa ajili ya maiti, inabebwa juu yake kwenda kaburini. Umemlaza mke wangu naye yuko hai!"

Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akapumua. Halafu akanieleza polepole. Walipohamishwa, lori lilibeba mahindi na mitungi, likakataa mlango. Akaubeba yeye mwenyewe kichwani, siku mbili. Wanakijiji walimcheka, mzee gani anabeba mlango bila nyumba. Alijua mkewe amefika mwisho, na alitaka ambebe kama mama yake na bibi yake walivyobebwa. Hicho tu ndicho alichobaki nacho cha kumpa.

Niliona aibu, jamani. Nimeona wagonjwa wengi, lakini aibu ile nilikuwa sijaipata. Nikaanza kuusimamisha ule mlango niondoke.

"Uache hapo."

Alikuwa Theodora. Amekuja kwa miguu yake, ameshikwa bega na Paskali. Wale wanawake walipomwona wakanyamaza, mmoja kinywa kikabaki wazi. Theodora akawatazama mmoja mmoja, wamejaa tope, machozi mpaka kidevuni. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, akainama, leso ikawa nyekundu yote, na bado mabega yanacheka.

"Kumbe mnanipenda hivi," akasema alipopata pumzi. "Wewe Febronia, juzi si ulininyima chumvi?"

Febronia, yule aliyepiga yowe, akaficha uso kwa kanga.

Theodora akamgeukia mumewe. "Baba, nimeshaliliwa. Mlango umeshalazwa. Kama ni mkosi, umeshapita na mimi bado nasimama. Sasa nataka hiyo picha."

"Watautia msumeno, mama," Mzee Alute akasema.

"Wautie."

"Na siku yenyewe ikifika?"

"Ikifika nitabebwa na hawa," akawaonyesha wale wanawake. "Machozi wanayo, mabega pia wanayo. Mpe huyo kijana mlango." Mimi nina miaka arobaini na mitano, lakini nilikubali kuwa kijana.

Mzee Alute akageuka. Alikwenda kwa jirani, akarudi na msumeno, akaanza kukata yeye mwenyewe. Nikataka kumpokea, akanisukuma mkono. Mninga mkavu ni mgumu, tulisimama pale zaidi ya saa nzima tukimsikiliza. Alipofika kipande cha mwisho jasho lilikuwa likimtiririka puani, na sidhani lilikuwa jasho tupu.

Nikaviweka. Nikazungusha jeki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Vibao vikalia kidogo, vikakaa. Kitone kwenye pimamaji kikasogea, kikatulia katikati. Miaka tisa, na sijawahi kulisimamisha gari vizuri hivyo. Kefa akawasha jenereta, akampandisha mama.

Tulingoja picha ioshwe. Mzee Alute alisimama chini ya ngazi, kofia mkononi. Alikuwa ameshanyoosha uso wake kabisa, uso wa mtu anayekwenda kupokea habari anazozijua.

Kefa akatoka na ile picha bado inadondosha maji. Akaiinua juani.

"Ni kifua kikuu, mzee. Lakini kimekaa upande mmoja tu, huku kulia juu. Upande wa pili ni mzima. Akichomwa sindano na kumeza vidonge bila kukosa, atapona. Tunaondoka naye leo jioni."

"Atapona," Mzee Alute akarudia.

"Atapona. Ila ni miezi kumi na minane kule wodini."

Mzee akamtazama Kefa, akanitazama mimi, akaitazama picha ambayo hakujua kuisoma. Akakaa kwenye ngazi ya gari. Nilidhani ni furaha. Nikamwinamia nimpe pole au hongera, sikujua ipi.

"Miezi kumi na minane," akasema, na sasa machozi yalitoka wazi, hakuyafuta. "Kuzika nilikuwa nimejiandaa, mwanangu. Mwaka mzima nimejiandaa. Kungoja sijajiandaa."

Theodora alikuwa mlangoni mwa gari, amejifunga kitenge chake mara mbili. Akashuka ngazi moja, akamwekea mkono kichwani.

"Utajifunza," akamwambia. "Anza na kusonga ugali, maana hujui hata kuchemsha maji."

Tuliondoka saa kumi na moja. Alitusindikiza akitembea kandokando ya gari, na mimi niliendesha taratibu kuliko tope lilivyotaka, mpaka yeye mwenyewe akanipungia mkono niende.