Mkono Uliogeuka Moshi

Mwanga wa Ikonge hushukia majani ya chai kabla haujafika kwenye mapaa. Hupita juu ya umande, hufika kwenye vidole vya Esnah Nyanchama, huvikuta tayari vina kazi. Majani mawili na chipukizi, kapuni. Majani mawili na chipukizi, kapuni.

Jumamosi, baada ya ibada ya Sabato, bintiye Joyline, mwalimu wa historia kule Magwagwa, alimwonyesha kwenye simu picha za kale za biashara ya chai huko Uchina. Matajiri wameketi na vikombe, nyuso safi, majina yao yameandikwa chini. Pembeni yao mwanamke anachambua majani. Huyo hana uso, hana jina, na mikono yake ni moshi mtupu.

"Kamera za wakati ule zilikuwa za pole pole, Mama. Aliyetikisika alifutika."

"Nani kafutika? Huyu alikuwa kazini," Esnah alisema, na moyo ukamchoma kwa ajili ya mwenzake asiyemjua. Wale matajiri walitulia kwa sababu kulikuwa na wa kuwachambulia.

Basi leo Jumatatu kaja Osewe, mpiga picha wa mjini Kisii, katumwa na kampuni ya kufungasha chai. Sura ya Esnah itakaa kwenye pakiti, iingie majikoni kwa watu. Osewe ni mtu wa heshima, ila ana mambo. Anataka Esnah ajifunge leso mpya. Anataka kapu lijazwe majani makubwa, yale magumu ambayo karani wa mizani huyamwaga chini. Anataka Esnah atulie, atabasamu.

Hapana. Miaka thelathini achume, halafu leo awekwe pambo, kashika majani ya aibu, na Ikonge nzima imwone? Hapana, hata kidogo.

"Tulia kidogo tu, Mama."

"Lori la kiwanda litaningoja, mwanangu? Nipige nikichuma."

Majani mawili na chipukizi, kapuni.

Osewe anapiga. Ukungu bado mzito, jua bado changa. Anatazama kioo cha kamera, anaguna. "Uso umetoka vizuri. Mkono ndio umeharibika, umekuwa moshi."

Esnah anasogea, anaangalia. Mkono ule anaujua. Aliuona Jumamosi.

"Hiyo ndiyo picha yangu. Na chini yake uandike: Esnah Nyanchama, wa Ikonge. Ukishindwa, katafute mwingine wa kutulia."

Osewe anatoa kalamu, anaandika jina.

Mwanga unakishukia kichaka alichokuwa akichuma Esnah. Mkono umeshahamia kingine.